Vumbi la Engaruka lilivyonitia adabu

Wiki hii, mpenzi msomaji, sikupeleki ufukweni wala kwenye kumbi za starehe. Nakupeleka vumbini. Kama umevaa shati jeupe, shauri yako!

Kisa chenyewe ni pikapu ya mjomba. Mzee alipostaafu, kiinua mgongo chake chote kilimalizikia kwenye Toyota Hilux ya dizeli, yenye injini ile ambayo mafundi huiita 3L ingawa ujazo wake ni lita 2.8. Gari la zamani, lakini kazi linafanya. Kila wiki linabeba unga, sukari, soda na mabati kutoka Arusha hadi Engare Sero, kando ya Ziwa Natron. Pesa ya mzigo ndiyo ada ya chuo ya binti yake. Mradi mwingine pale nyumbani hakuna.

Septemba 2022 mjomba akateguka mguu, akaniita.

"Mjomba, leseni si unayo? Kapeleke mzigo. Ila gari usilichezee."

"Sawa, mjomba," nikaitikia. Maneno hayo yakaishia getini.

Ujana tena! Kabla ya kupakia nikapitia duka moja la spea mjini. Nikaona filta ya hewa nyekundu, umbo la pia, inang'aa utadhani pambo la harusi. Muuzaji akanisoma haraka. "Mshikaji, ukifunga hii gari linapumua. Nguvu inaongezeka, halafu mlio wake usipime!" Sh 85,000 zikanitoka. Jamaa akang'oa boksi zima la filta ya zamani, akachomeka ile pia. Mdomo ukapwaya kidogo, akaviringisha kipande cha mpira wa baiskeli, akakaza klampu. Boksi nikalitupia nyuma, chini ya turubai. Mlio wenyewe, we acha tu! Mpaka Kisongo nilikuwa nakanyaga mafuta bila sababu.

Hadi Mto wa Mbu ni lami na raha mustarehe. Ukifika pale teremka, ununue ndizi nyekundu. Kisha unawaachia watalii njia yao ya Ngorongoro, unakata kulia kwenda kaskazini, ukuta wa Bonde la Ufa ukikusindikiza mkono wa kushoto. Hapo ndipo starehe inapokwisha.

Vumbi la njia ile si hili letu la Manzese. Ni jepesi kama poda, maana nchi yote ile imelala chini ya milima ya volkano. Ol Doinyo Lengai, ambao kwa Kimasai ni Mlima wa Mungu, uko hai mpaka leo. Mwaka 2007 na 2008 ulitapika majivu mengi, mifugo ikakosa malisho. Gari likipita mbele yako, huoni kitu kwa dakika nzima. Wafugaji tuliopishana nao walikuwa wamejifunika shuka mpaka machoni. Utingo wangu akatoa vitambaa viwili, tukajifunga puani kama majambazi wa sinema.

Kabla ya Engaruka pikapu ikaanza kuchoka. Kilima kidogo tu, gia ya pili! Moshi mweusi nyuma. Ule mlio wa madaha ukageuka kuwa kikohozi.

Engaruka ni mahali pa kusimama hata kama gari lako zima. Chini ya ukuta wa bonde kuna mabaki ya mashamba ya matuta na mifereji ya mawe, kazi ya wakulima walioishi pale karne kadhaa zilizopita. Kumbe watu walishajua zamani kwamba katika nchi kavu, kila kitu ni kukipitisha kwenye njia yake. Mimi sikuwa na hamu ya historia. Nilikuwa natafuta fundi.

Nikampata mzee mmoja chini ya mgunga. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, kijana. Fungua boneti." Akaitazama ile pia nyekundu, akacheka peke yake. Akaichomoa, akaingiza kidole ndani ya bomba linalokwenda kwenye injini, upande ule unaotakiwa kuwa safi. Kidole kikatoka cheupe kama kimechovya unga.

"Nyie mmejifunga vitambaa," akasema, "gari mmeliacha pua wazi. Mashine haijui kupiga chafya, kijana. Ikimeza, imemeza."

Nikahisi tumbo linashuka. Ada ya binamu yangu ilikuwa inasagwa mle ndani.

Akanieleza taratibu. Injini kama ile ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, inavuta karibu lita 2,800 za hewa dakika hiyo hiyo. Kwa hiyo ufa mdogo kwenye mpira unatosha kupitisha vumbi la kutisha. Vumbi likichanganyika na oili linakuwa msasa: linakula ringi na silinda, gari linaanza kunywa oili. Isitoshe, ile pia ilikuwa inavuta hewa ya moto iliyozunguka injini. Hewa ya moto ni nyepesi, nguvu inapungua. Yaani nililipia mlio!

Bahati yangu ni lile boksi chini ya turubai. Mzee akafuta bomba kwa kitambaa chenye maji. Filta ya karatasi akaipulizia upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, kisha akaingiza tochi katikati kutazama kama kuna tundu linalopitisha mwanga. Hakuna. Akaukagua mpira wa ukingoni, akafunga. Pikapu ikarudi kuwa bubu, nami nikaupenda ububu wake.

Tukafika Engare Sero jioni. Lengai ulikuwa mweusi, ziwa limekuwa la waridi kwa mbali. Natron ndipo heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanapozaliana kwa wingi kuliko kwingine kokote. Uzuri ule ungekuwa mtamu zaidi kama roho yangu isingekuwa kwenye bomba.

Sasa, wewe unayetaka kurembesha pikapu yako, sikia. Kama njia yako ni ya vumbi, baki na boksi la kiwandani na filta ya karatasi ya saizi halisi. Feki utaijua kwa mikunjo michache na mpira mgumu usiokaa ukingoni. Filta za pamba za kupaka oili zinataka oili yake kwa kipimo: ikizidi, kwenye magari mapya inachafua kihisio cha hewa. Ukiwa na hela ya kuchezea, funga snokeli. Inavuta hewa juu kwenye paa, ambako vumbi ni kidogo na hewa ni baridi. Lakini hakikisha kila kiungo kimeziba, la sivyo ni pambo tu, na ukivuka mto utavuta maji. Na gari la mbele liache liende zake, vumbi litue.

Niliporudi nilimweleza mjomba ukweli wote. Hakupandisha sauti. Akachomoa kijiti cha oili, akakitazama, akakirudisha.

"Mjomba," akasema, "kila wiki utakuwa unakuja kukikagua kijiti hiki."

Nakwenda mpaka leo. Pikapu bado inakwenda Natron, binti alimaliza chuo, ila oili inapungua kuliko zamani, na ya kuongezea nainunua mimi. Ile pia nyekundu iko dirishani kwangu, nimeitia maua ya plastiki. Inapendeza ile mbaya.