Akina Nyanya Katika Darasa la Kwanza

Leo twawaalika kusafiri nasi kwa fikira mpaka Korea ya Kusini, katika wilaya ya Gangjin, karibu na bahari. Ni nchi ya mpunga na ya wafinyanzi. Zamani za wafalme wa Goryeo vyombo vyake vya rangi ya kijani vilisifiwa hata na Wachina. Lakini hatukuja kutazama vyungu. Tumekuja kutazama shule.

Katika miaka ya 1980 shule ya msingi ya Daegu (si ule mji mkubwa wenye jina hilo) ilikuwa na watoto 90 katika kila darasa. Mwaka 2019 ilibaki na wanafunzi 22 tu, wala hakupatikana hata mtoto mmoja wa kuingia darasa la kwanza. Ndipo mwalimu mkuu na wanakijiji walipowaita wazee wasiojua kusoma. Wakaja wanawake 8, wenye miaka 56 mpaka 80.

Tusiwacheke. Utotoni mwao ndugu zao wa kiume walipelekwa shuleni. Wao walibaki kuokota kuni na kubeba wadogo wao mgongoni. Akina mama wa rika lao walijinyima mengi ili watoto wao wasome. Watoto wakasoma, wakaenda mjini, hawakurudi.

Basi tuwafuate Seoul. Nusu ya watu wa nchi nzima wamejaa katika mji huo na pande zinazouzunguka. Kijana huchelewa kuoa kwa sababu hana nyumba, na nyumba ni ghali mno. Akioa, hesabu nyingine inamngoja: baada ya shule ya mchana yako masomo ya kulipia, mara nyingi mpaka usiku. Mwaka 2023 wanafunzi karibu 8 kati ya 10 walifundishwa hivyo, na mzazi asiyelipa huona kama amemtupa mwanawe. Naye mama, aliyesoma sawa na mumewe, aogopa kwamba akizaa atapoteza kazi yake. Elimu waliyoililia akina nyanya ndiyo sasa inayowatisha watoto wao wasizae!

Mwaka 1960 mwanamke wa Korea alizaa watoto karibu 6. Toka 1962 serikali yenyewe ilihimiza watu wazae wachache. Siku hizi inawapa fedha ili wazae. Kwa hesabu ya 2023, wanawake 100 wangezaa watoto 72 tu. Ya 2024, watoto 75.

Kule Gangjin, mmoja wa wale wanafunzi wazee alikuwa na tamaa moja kubwa: kuwaandikia watoto wake barua kwa mkono wake mwenyewe.