TUGAWANYE BUKARI, DAWA HAPANA



Hapa Mulungwishi siye wanafunzi tunazoea kugawanya: sabuni, chumvi, hata bukari ya mwisho mu sahani. Ni jambo zuri. Lakini kuna kitu kimoja ambacho hatupendi kuona kinapita mkono kwa mkono: kapsuli za tetrasikilini, zile za kununua moja moja ku soko. Mtu akisikia tumbo ao mafua, mwenzake anamwambia: "Kamata mbili, yaya, utapona."

Tetrasikilini ni jamaa nzima. Dosisikilini ni ndugu yake. Wa kwanza wa jamaa hii alitangazwa mwaka wa 1948, ametoka katika kijidudu cha udongo. Inapigana na bakteria. Mafua yanaletwa na virusi, na virusi haiviwezi hata kidogo.

Ina masharti. Mama mwenye mimba na mtoto wa chini ya miaka 8 wasipewe bila neno la munganga: inaingia mu meno yanayojengeka, na meno yanabaki na rangi ya manjano ao kahawia. Tusiinywe na maziwa, maana inashikamana nayo na haifiki vizuri mwilini. Tuinywe na maji mengi, tukiwa tumekaa, wala tusilale mara moja, isichome koo. Jua kali nalo linaweza kuunguza ngozi ya mwenye kuitumia. Na iliyopitisha tarehe yake tusiiguse, inaweza kuharibu figo.

Lakini hatari kubwa ni hii. Kipindupindu kilipolipuka Tanzania mwaka wa 1977, tetrasikilini ilipewa watu wengi sana, wagonjwa na wazima vilevile. Baada ya miezi mitano, katika vijidudu 100 vilivyopimwa, 76 havikuiogopa tena.

Siye hapa kipindupindu tunakijua. Mwaka wa 2008 kilipiga Likasi na Lubumbashi. Dawa yake ya kwanza ni maji ya chumvi na sukari, kisha munganga anaweza kuongeza dosisikilini. Kapsuli tunayoipotezea mafua leo, kesho tutaitafuta kwa ajili ya mdogo wetu anayekauka, nayo itakuwa maji tu.

Basi, mwenzetu akigonjwa, tumsindikize kwa munganga. Kumsindikiza nako ni kugawanya.