Nundu ya Mwembe

Katika karakana ya ami yangu, Lamu, nundu ya mti ilikuwa kuni. Mwembe mkongwe ukiangushwa shambani, shina lilipasuliwa mbao na nundu ikaenda jikoni. Hakuna aliyeisikitikia. Fundi alitaka mti ulionyooka nyuzi, kwa kuwa keezo yetu haikuuweza mwingine.

Ilikuwa keezo ya uta. Gogo lilibanwa baina ya ncha mbili za chuma, kamba ya uta ikazungushwa juu yake, na ami, akiwa ameketi chini, akauvuta na kuusukuma kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulishika patasi, vidole vya mguu vikiituliza. Mti ulizunguka mbele, ukarudi nyuma, na patasi ilikata mti ukizunguka upande mmoja tu. Hivyo ndivyo yalivyokerezwa matendegu ya vitanda. Mimi nilipenda hasa kutia rangi: kipande cha lakiri kiligandamizwa kwenye mti unaozunguka, joto la msuguano likakiyeyusha, pakabaki wekundu unaong'aa. Hadi leo sijaona rangi ya kopo inayoufikia.

Bakuli lakini hutaka kuchimbwa ndani. Kwenye keezo ya ncha mbili, katikati hubaki kisiki ambacho lazima kikatwe baadaye, tena nundu ni nzito na haina mizani; mkono wa mtu huchoka mapema.

Mji wetu ulikuwa umeshaingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, mwaka 2001, mashine ya umeme ilipofika karakanani. Hii hushika mti kwa upande mmoja, kwa sahani ya chuma na skrubu, na huzunguka bila kurudi nyuma. Uso wa bakuli ukabaki wazi mbele ya bobari, patasi ya kuchimbia. Hapo ndipo nundu ilipoacha kuwa kuni.

Ndani ya nundu kuna vichipukizi vingi vilivyolala, visivyopata kuwa matawi, na nyuzi huvizunguka kila upande, kama maji ya mkondo yanapokutana na upepo. Kila kichipukizi kikikatwa huonekana jicho. Nyuzi zikishapishana hivyo, mti haupasuki kwa urahisi, ila huwa na magome yaliyofichika ndani, na kipande kinaweza kuchomoka kwa nguvu. Kwa hiyo tunaanza kwa mwendo wa polepole, tumevaa ngao ya uso, na hatusimami mbele ya mti.

Mti mbichi tunaukereza mara mbili. Mara ya kwanza ukingo huachwa mnene, yapata sehemu moja ya kumi ya upana: bakuli la sentimita 30 hubaki na unene wa sentimita 3. Kisha hufukiwa katika maranda yake kwa miezi, likauke taratibu na kupinda litakavyo. Mara ya pili ndiyo ya umbo, msasa na nta.

Ami aliishi hadi kuyaona mabakuli hayo, na aliyapapasa kwa muda mrefu kuliko alivyopapasa tendegu lolote.

Siku hizi nundu ina bei, na wapo wanaoikata kwenye mti ulio hai. Jeraha hilo ni pana, na uozo huingilia hapo hadi moyo wa shina. Mwenye shamba, usiwaruhusu. Ngoja mwembe ufe au uangushwe na upepo, kisha muite fundi kabla ya kuita mpasua kuni.