Shoka la kuuzia sura nusura liniulie mdogo wangu!

Wiki hii naomba tuziweke kando kidogo habari za mapenzi na viatu vya mtindo. Kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu, leo nalitoa. Ni habari ya shoka. Usicheke! Nazungumzia lile shoka dogo, jepesi, ambalo sisi watoto wa mjini tukienda kupiga kambi tunalichomeka kiunoni na kujiona makomandoo.

Basi bwana, ilikuwa Sabasaba ya mwaka 2023. Sikukuu iliangukia Ijumaa, kwa hiyo siku tatu mfululizo hakuna kazi. Tukakusanyana washkaji sita, wanaume wanne na masista wawili, tukakubaliana kwenda kulala kwenye mahema Lushoto. Mwenzetu mmoja babu yake ana shamba huko milimani, akasema nafasi ipo na kuni zipo. Mimi nikamchukua na mdogo wangu Side, wakati huo yuko kidato cha pili. Tangu Baba afariki mimi ndiye mkubwa pale nyumbani. Mama alitusindikiza hadi mlangoni, akaniambia neno moja tu: "Umwangalie mwenzio."

"Mama nawe, wasiwasi wa nini?" nikamjibu. Ndani ya begi nilikuwa nimeshaweka kitu changu.

Kitu chenyewe nilikinunua Kariakoo kwa machinga mmoja. Cheusi tii, makali mbele, nyuma kina mwiba kama mdomo wa kunguru, mpini wa plastiki wenye vishimo vya vidole. Tomahoki! Nilishaiona kwenye filamu nikazimika nayo. Machinga naye akanipiga fiksi: "Braza, hii ndiyo wanayotumia makomandoo wa Marekani." Akataja Sh 40,000, wala sikubishana. Niliangalia rangi, nikaangalia mwiba, kisha nikajiangalia kwenye kioo cha duka la jirani nikiwa nimeishika. Nikajiona bomba ile mbaya. Hivyo ndivyo nilivyochagua shoka, msomaji wangu. Kwa kioo.

Kama hujawahi kufika Lushoto mwezi wa Julai, nikupe taarifa: kuna baridi si ya mchezo. Ukishatoka Mombo na kuanza kupanda ile milima, unahisi hewa inabadilika. Saa moja usiku tulikuwa tunatetemeka kama kuku walionyeshewa. Babu mwenye shamba akatuonyesha magogo ya mwati yaliyokauka, akasema tupasue tuwashe moto, chai anatuletea mwenyewe.

Nikaona zamu yangu ya kuuza sura imefika. Mmoja wa wale masista nilikuwa namfagilia kisirisiri, basi nikavua jaketi, baridi na iwe baridi. Pigo la kwanza makali yakadunda. Pigo la pili yakanasa, nikahangaika kuyachomoa, watu wakaguna. Pigo la tatu nikanyanyua mikono yote miwili kwa hasira. Nilipoteremsha nikahisi mkono umekuwa mwepesi ghafla. Mpini ninao, kichwa sina.

Side alikuwa amechuchumaa upande wa pili anapuliza moto. Kile kichwa kilipita pembeni ya sikio lake la kushoto, kikatoboa hema lililokuwa nyuma yake. Pakawa kimya. Side akajishika sikio, akaangalia vidole kwa mwanga wa moto, hakuona damu. Akaanza kucheka, kitoto kile. Wenzangu nao wakacheka.

Mimi sikucheka. Miguu iliniishia nguvu nikakaa chini kwenye majani. Nilikuwa naliona basi la kurudi Dar, na mlango wa nyumbani, na Mama amesimama pale. Ningemwambia nini?

Babu akaja na tochi, akaingia hemani, akakitoa kile kichwa. Akakigeuzageuza. Kumbe kilikuwa kimeshikwa na skrubu mbili nyembamba zilizopigwa kwenye plastiki, basi! Hakuna mti uliopita katikati ya chuma, hakuna chochote.

"Mjukuu wangu," akaniambia taratibu, "hiki ulikinunua kwa macho. Shoka hununuliwa kwa mkono."

Akaenda ndani, akarudi na la kwake. Ukiliona mtaani hulipi hata Sh 1,000. Kichwa cha mpini kimevimba kama rungu, chuma chenyewe kidogo kama kiganja, kina mkia mwembamba uliopenyezwa kwenye lile rungu. "Ona," akasema. "Kila ukipiga, chuma kinazidi kuingia kwenye mti. Kitakimbilia wapi?" Akaniamuru nipige magoti, niweke kuni juu ya gogo, watu wote wakae mbali. Nikapasua kuni za usiku mzima bila kelele.

KUMBE TOMAHOKI YA KWELI SI ILE

Niliporudi mjini sikutulia. Nikaanza kuuliza, kusoma na kukagua. Nikagundua kwamba tomahoki yenyewe haina kosa. Kosa ni lile bati la kuchezea lililopewa jina lake.

Tomahoki ni shoka la wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini. Jina limetoka kwenye lugha za watu wa jamii ya Algonquian waliokuwa wakiishi upande wa Virginia, na Waingereza walilichukua mwanzoni mwa karne ya 17. Vichwa vya chuma vililetwa na wafanyabiashara wa Ulaya wakabadilishana na ngozi za wanyama. Lilikuwa jepesi kwa sababu mwenyewe alitembea nalo kutwa nzima kwa miguu: kupasulia kuni, kuchongea, kuwindia na kupigania likibidi.

Siri yake iko kwenye tundu. Tundu la tomahoki ni pana juu na jembamba chini, na mpini umenenepa upande wa juu. Unauchomeka kutokea juu, unavuta mpaka unakwama. Wewe unaijua hiyo, ni kama sururu! Ukizungusha mkono, kichwa kinakimbilia nje, na huko nje mpini ni mnene zaidi, kwa hiyo kinajikaza chenyewe. Mpini ukivunjika porini unachonga fimbo nyingine. Ukitaka, unakigonga kichwa kishuke, unakichomoa na kukishika mkononi kama kisu cha kuchongea.

Mashoka mengi ya dukani ni tofauti. Mpini unaingia kutokea chini, halafu juu unapigiliwa kabari ili ushike. Si mabaya, lakini mti ukikauka kwa jua unasinyaa na kichwa kinaanza kucheza. Watu wengi hapo wanalitumbukiza shoka kwenye ndoo ya maji. Usiku mti unavimba, unaona mambo poa. Kesho kutwa ukikauka unalegea kuliko mwanzo. Dawa ni kupiga kabari upya na kuupaka mpini mafuta ya katani ya kupakia mbao, maji waachie wafuaji nguo.

Ukifikiria sana unashangaa. Mzee wa Usambara na yule mwindaji wa Virginia hawakuwahi kukutana, kila mmoja ana shoka la umbo lake, lakini wote walifikia jibu moja: shoka lizidi kujikaza likiwa kazini. Mimi mwenye simu kubwa mkononi ndiye niliyenunua la skrubu mbili.

NILIVYOPATA LA KWANGU

Siku tunaondoka Lushoto, Babu alinipa fimbo ya mpera iliyokaa miezi mingi juu ya dari la jikoni ikipigwa na moshi. Imekauka, ngumu, imenyooka. "Tafuta chuma chake," akasema.

Nikaipeleka Gerezani kwa fundi mmoja wa vyuma. Nilidhani ataniambia nilete springi ya gari, maana mafundi wengi wanatumia hiyo. Yeye akaniuliza kama nina nyundo kuukuu, ile ya mafundi magari yenye kichwa cha duara upande mmoja. Tukaipata kwa jirani yake. Akaichoma mpaka ikawa nyekundu, akaupiga ule upande wa duara mpaka ukawa ubapa wa makali. Upande wa pili akauacha ubaki nyundo. Tundu akalipanua kwa chuma chenye ncha nyembamba, juu pana chini finyu, kama nilivyomwelekeza. Mwisho akayachovya makali kwenye mafuta ili yawe magumu, halafu akayarudishia joto polepole mpaka chuma kikabadilika rangi kuelekea zambarau. Akaniambia bila hiyo hatua ya mwisho makali yanakatika vipande kama kigae.

Tulipolipima kwenye mizani ya duka la karibu, kichwa kilikuwa gramu 600 na ushee. Gharama yote Sh 25,000. La skrubu mbili, kumbuka, Sh 40,000!

UKITAKA KUNUNUA, SHIKA HAYA

Kwanza, angalia chuma na mpini vimeshikanaje. Hilo ndilo swali la kwanza, kabla ya bei na kabla ya rangi. Kama ni mpini wa mti, upite ndani ya chuma. Kama ni mpini wa plastiki, hakikisha chuma chenyewe kimeshuka mpaka mwisho wa mpini na plastiki imevalishwa tu. Skrubu mbili kwenye plastiki, mwachie mwenyewe.

Pili, uzito. Shoka la kuangushia miti lina kichwa cha kilo moja na nusu mpaka mbili. Wewe unayekwenda kulala siku mbili huhitaji hilo. Kichwa cha gramu 450 mpaka 700 kinatosha. Ila usipitilize wepesi: kikiwa chepesi mno utatumia nguvu nyingi, na anayetumia nguvu nyingi ndiye anayekosea, kama mimi.

Tatu, urefu. Sentimita 35 unaingia vizuri kwenye begi, lakini ukikosea pigo shoka linakuja gotini. Sentimita 45 mpaka 50 ndiyo salama zaidi na lina nguvu. Liwe fupi au refu, wakati wa kupasua piga magoti, ili likiteleza liishie ardhini.

Nne, mgongo wa shoka. Chagua wenye nyundo bapa, utapigilia vigingi vya hema. Ule mwiba haukati kuni, haupigilii kigingi. Kazi yake kubwa ni kukutazama usoni kila unaponyanyua mkono.

Tano, chuma. Nenda na tupa ndogo, muombe muuzaji uiguse kwenye makali. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu mno, kitamung'unyuka. Ikizama kama kwenye sabuni, ni laini, makali yatajikunja. Unataka tupa iume kidogo tu. Muuzaji akikataa, ahsante, kwa heri.

Sita, mpini. Nyuzi za mti ziende moja kwa moja kutoka juu mpaka chini. Zikikatiza pembeni, siku moja utapasukia mkononi. Na usikubali mpini uliopakwa rangi nzito, rangi inaficha mengi.

Saba, ala. Makali yasikae wazi ndani ya begi. Kama huna ala ya ngozi, kata kipande cha tyubu ya baiskeli ukivalishe. Kwenye basi liweke ndani ya begi, si kiunoni, usije ukawatisha abiria. Ukipanda ndege, liende na mizigo ya chini.

Tena jambo moja, msomaji wangu. Kuwa na shoka si ruhusa ya kukata. Kwenye msitu wa hifadhi huruhusiwi kukata mti bila kibali, sheria ya misitu ya mwaka 2002 ipo na meno inayo. Ukipanda Kilimanjaro ndiyo kabisa, moto wa kuni ni marufuku, watu wanapikia gesi. Shoka jepesi ni la kuni kavu, vigingi na kuchonga, tena mahali ambapo mwenyewe amekwambia karibu.

Sasa nimalizie. Tangu siku ile nimekwenda kambi mara tatu na shoka langu la nyundo. Kila asubuhi kabla ya kuligusa nalishika kichwa nikalitikisa, na kila anayepasua kuni namsogezea watu mbali. Washkaji wananiita mnoko. Poa tu. Side sasa anapasua kuni vizuri kuliko mimi, na lile hema lenye tundu analo yeye, hataki lishonwe. Anasema ni ukumbusho.

Lakini kuna mtu mmoja hakuwahi kuambiwa. Tulirudi nyumbani Jumapili ile, akatufungulia mlango, akatuangalia mmoja mmoja, akauliza, "Salama?" Nikajibu, "Salama, Mama." Side akaangalia chini.

Haikuwa salama, Mama. Najua gazeti hili unalisoma saluni kila wiki, na leo nitachelewa kurudi kwa makusudi ili ulimalize kwanza. Nisamehe. Ulisema nimwangalie, mimi nikajiangalia kwenye kioo.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.