Tulivyoingoja Tufani ya Theluji katika Mji wa Worcester

Ninyi mkaao pwani mwazijua pepo zenu: kaskazi ina miezi yake na kusi ina miezi yake, na mvuvi mzee akitazama mawingu alfajiri huwaambia vijana wake kama waingie majini au wangoje. Leo twapenda kuwasimulia habari za nchi ambayo mbingu yake haikai siku tatu kwa hali moja, na za watu wake wangojeao theluji kama watoto wangojeavyo sikukuu.

Mwezi wa Januari mwaka 2015 tulikuwa wageni katika mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts, nchi ya Marekani. Mji huo umejengwa juu ya vilima, mwendo wa kilometa 65 hivi magharibi ya Boston. Wamo watu wengi waliotoka Afrika, hata Kiswahili husikiwa madukani na kanisani. Wenyeji wetu walikuwa nyumba ya Kikristo iliyotoka Kenya. Mama wa nyumba hufanya kazi ya kuwauguza wazee wasiojiweza, zamu ya usiku. Baba ameshikwa na mapenzi makubwa ya elimu ya hali ya hewa, naye alifundishwa na jirani yake, mzee mmoja Mmarekani. Mzee huyu ameweka uani ubao mweupe. Theluji ikianguka juu yake, huipima kwa rula, kisha huiyeyusha apate kujua maji yake ni kiasi gani, akayaandika yote daftarini. Hapati mshahara wo wote. Wako maelfu kama yeye nchini mwao, na hesabu zao hupelekwa kwa watabiri wa serikali.

Siku chache kabla ya tufani tulipelekwa kuona kilima kiitwacho Great Blue Hill, karibu na Boston. Juu yake uko mnara uliojengwa na Bwana Abbott Lawrence Rotch, na tangu mwaka 1885 hali ya hewa huandikwa pale kila siku. Tulionyeshwa mpira wa kioo ukusanyao mwanga wa jua na kuunguza karatasi iliyo nyuma yake, hata jioni mtu aweza kujua jua limewaka saa ngapi. Tulistaajabia uaminifu wa watu hao, warithishanao kalamu kama baba na mwana.

Tuliporudi Worcester tulikuta baba na yule mzee hawana habari nyingine ila tufani. Walitueleza asili yake. Baridi kavu hushuka kutoka Kanada, ikakutana na hewa ya joto yenye maji itokayo bahari ya Atlantiki; hapo upepo huzunguka kama maji yaendayo katika tundu, na pwani huvuma toka kaskazini-mashariki. Ikiwa tufani itapita karibu mno na nchi kavu, huleta joto, na theluji hugeuka mvua. Ikiwa itapita mbali, theluji yote humwagika baharini. Katikati ya njia hizo mbili ndipo penye msiba, napo ni pembamba.

Kwa hiyo mioyo yao ilipanda na kushuka. Mashine za hesabu, yaani kompyuta, hutoa habari mpya mara kadhaa kila siku. Asubuhi baba alishangilia, jioni akanuna. Hesabu za Ulaya ziliujaza mji wa New York theluji tele. Za Kimarekani zilisema ni kidogo kuliko hapo. Juu ya Worcester zilikaribia kupatana, lakini hapana aliyethubutu kuapa.

Jumapili baada ya ibada, mama alimwambia mumewe, “Baba watoto, wewe unafurahia, lakini mimi kesho nina zamu ya usiku. Mara iliyopita mliniambia hivi hivi, nikaenda mapema, nikalala kazini bure, na theluji haikufika kifundo cha mguu. Watoto walilala bila mimi kwa ajili ya maneno ya mashine.” Baba akanyamaza, maana ilikuwa kweli.

Basi yule mzee, aliyekuwa amekuja kunywa chai, akatwambia habari za tarehe 6 Februari mwaka 1978. Siku ile pia ilikuwa Jumatatu. Watabiri walikuwa wametangaza theluji kubwa tangu asubuhi. Kulipokucha watu wakaona barabara kavu, wakacheka, wakaenda kazini. Theluji ilikuwa imechelewa tu saa chache. Ilipoanza kuanguka wote walitaka kurudi nyumbani kwa pamoja, na katika barabara moja tu, ile ya 128 izungukayo Boston, magari yapata 3,000 yalizikwa na watu wake. Mzee mwenyewe alilala ndani ya gari, akitoka mara kwa mara kufukua theluji penye bomba la moshi. Wako waliokufa kwa moshi huo. Katika majimbo ya Massachusetts na Rhode Island walikufa watu karibu 100. Akamaliza kwa kusema, “Mwanangu, napenda theluji tangu utoto, lakini sijasahau kwamba mwaka ule utabiri ulikuwa kweli na sisi tulikuwa wapumbavu.”

Siku ya pili yake mbingu ilikuwa ya kijivu, na adhuhuri chembe chache tu zilikuwa zikielea. Mama alisimama mlangoni akitazama barabara iliyo wazi. Kisha akatia mfukoni nguo za siku mbili, akasema, “Nisipokwenda sasa, nani atawageuza wale wazee vitandani usiku?” Tuliomba pamoja, akaenda. Baba alirudi ndani kimya. Baadaye alituungamia kwamba aliona haya, kwa kuwa juma zima alikuwa ameiombea tufani ije, wala hakumkumbuka mkewe.

Jioni ikaja. Serikali ya jimbo ikakataza magari yote kupita kuanzia usiku wa manane. Upepo ulilia katika paa hata tukadhani ni sauti za watu. Kulipokucha mlango wa mbele haukufunguka, na theluji iliendelea kuanguka mchana kutwa. Kipimo cha Worcester kilikuwa sentimita 88, kikubwa kuliko tufani zote za theluji zilizokuwa zimeandikwa katika mji ule. Mama alipiga simu: waliopaswa kumpokea zamu hawakuweza kufika, naye na wenzake wawili waliwalisha na kuwafunika wazee wote hata Jumatano. Aliporudi, watoto walimkimbilia njiani kati ya kuta mbili za theluji zilizowapita kimo.

Lakini katika New York mambo yalikuwa mengine. Walikuwa wameonywa wangoje zaidi ya sentimita 50, hata treni za chini ya ardhi zikasimamishwa. Zikaanguka 25 tu katika bustani ya Central Park, kwa kuwa tufani ilipita mbali kidogo upande wa mashariki. Watu walinung’unika sana. Mtabiri mmoja wa serikali, Bwana Gary Szatkowski wa New Jersey, aliwaomba watu radhi mbele ya wote, akikiri kwamba walimtegemea wala hakupata sawasawa. Twaona neno lile lilikuwa zuri kuliko utabiri ulio sahihi.

Wapenzi, utabiri wa namna hii si unabii, wala si ramli. Mwaguzi hakubali kamwe kwamba amekosa. Mwenye elimu ya kweli hupima, hukosa, huungama, hupima tena. Bwana wetu aliwataja watu wajuao kulitambua wingu la magharibi, na hakuwakemea kwa ujuzi huo, bali kwa kutotambua lililo kubwa zaidi. Kwa hiyo tusimdharau atuonyaye kwa kuwa jana alikosa. Yule mama hakujua kama theluji itakuja. Alijua tu kwamba wako wazee vitandani, akaenda barabara ilipokuwa ingali wazi.

Nanyi walimu, wekeni chombo cha kupimia mvua penye uwanja wa shule, na watoto waandike kila asubuhi bila kuruka siku. Watajifunza hesabu, na pamoja na hesabu watajifunza uaminifu.