Mama Aliambiwa Amezeeka, Kumbe Sauti Ndiyo Ilikuwa Inawahi

Kuna mama mmoja, mkazi wa Mbagala jijini Dar es Salaam, ambaye kwa miezi miwili alikuwa anainuka sebuleni katikati ya tamthilia na kwenda zake jikoni. Hakugombana na mtu. Alisema neno moja tu: "Huyo anaongea kabla hajafungua mdomo."

Watu wakacheka. Mwanaye mkubwa, ambaye alikuwa ametoka Kariakoo na TV mpya ya flati, amplifaya na spika zake tano na sabufa, alimjibu: "Mama, hizo za Kituruki zimeingizwa sauti tu, lazima midomo ipishane." Mama akasema hata msomaji wa habari yuko vilevile. Hapo ndipo minong'ono ilipoanza. Sikio lake la kushoto lilikuwa limefifia tangu zamani, sasa wakaanza kusema na akili nayo inaondoka. Mdogo mtu akashauri apelekwe hospitali. Mama aliyasikia yote hayo kutoka jikoni, akanyamaza.

Walichosahau ni kwamba mtu mwenye sikio zito husikia na kwa macho. Anaangalia midomo. Mdomo na sauti vikiachana, wengine mnaona kero ndogo, yeye anapoteza maneno kabisa.

Siku moja alikuja fundi, kijana tu, kurekebisha waya wa spika ya nyuma. Mama akamwambia lalamiko lake lile lile. Fundi hakucheka. Alikaa kwenye kochi, mahali anapokaa mama, akaweka DVD na kutazama dakika tano. Kisha akasema: "Mama yuko sahihi. Sauti inawahi."

Akamweleza mwenye nyumba. Kwenye DVD yenye Dolby Digital 5.1 kuna chaneli sita: kushoto, katikati, kulia, mbili za kuzunguka na ya sabufa. Zote zimebanwa kwenye mkondo mmoja. Amplifaya inaufungua kifurushi kwa kifurushi, kila kimoja kina sampuli 1,536 kwa kila chaneli. Kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, hiyo ni milisekunde 32. Zote sita zinatoka pamoja, kwa hiyo zenyewe kwa zenyewe haziachani. Tatizo lilikuwa picha. Waya wa sauti ulitoka kwenye deki na kisimbuzi moja kwa moja hadi kwenye amplifaya, lakini picha ilipita kwenye TV, na TV inaisafisha na kuilainisha kabla ya kuionyesha. Wakati picha bado inapambwa, sauti imeshafika kochini.

Na sauti ikitangulia inaudhi kuliko ikichelewa. Ubongo umezoea umeme kwanza, ngurumo baadaye. Shoka linashuka, mlio unafuata. Mapendekezo ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, yanaonyesha kwamba watazamaji huanza kugundua sauti ikitangulia kwa kama milisekunde 45, ila ikichelewa inaweza kufika 125 ndipo waigundue.

Fundi akakuta na kosa la pili. Spika zote ziliandikwa umbali mmoja, wakati za nyuma zilikuwa mita moja kutoka kochini na za mbele mita nne. Sauti hutembea takriban mita 343 kwa sekunde, yaani kila mita inakula kama milisekunde 3. Kwa hiyo za nyuma zilikuwa zinatangulia kwa karibu 9. Akapima kwa futi kamba, akaingiza umbali halisi, amplifaya ikaanza kuzisubirisha zilizo karibu.

Kisha akazima mapambo ya picha yasiyo ya lazima, akafungua sehemu ya kuchelewesha sauti, akampa mama rimoti. "Mama, bonyeza mwenyewe. Ukiona mdomo na neno vimekutana, niambie."

Ishirini. Arobaini. Sitini. Mwanaye alisema tayari iko sawa. Mama akatikisa kichwa. Themanini. Alipofika mia moja akasimama, akarudisha nyuma mara moja, akaenda mbele tena.

"Hapo hapo, baba."

Sebule ikanyamaza. Mwigizaji alikuwa anaongea, na kwa mara ya kwanza tangu TV ile iingie ndani, mama hakuuliza "amesemaje?"

Mwanaye akasema kwa sauti ya chini: "Mama, nisamehe." Mama hakugeuka. "Niwekee tamthilia yangu," akasema, "na huyo kijana apewe chai."

Wewe je, nyumbani kwenu kuna mtu analalamika kila siku mkamwona msumbufu? Mmewahi kukaa pale anapokaa yeye? Tiririka hapo chini.