Chini ya Mlima Rungwe: Nyumba na Amani Yake

Afikaye Tukuyu hupokewa na mvua kabla ya mwenyeji. Miteremko ya Mlima Rungwe, wenye kimo kipatacho mita 2,960, imejaa migomba, na humo ndimo zilimosimama nyumba za mianzi za Wanyakyusa, ambamo watu na ng'ombe walilala chini ya paa moja. Leo matofali na mabati yamezirithi.

Godfrey na Monica Wilson, waliofanya uchunguzi wao huku kati ya 1934 na 1938, walieleza jinsi wazee walivyoiomba mizimu migombani, hatua chache tu kutoka mlangoni. Nyumba, basi, haikuishia ukutani.

Sisi wa mjini, amani ikitoweka, hununua mapazia mapya na kuhamisha makochi, ilhali mume na mke hawajasemezana tangu Jumatano! Huku iliaminiwa kwamba hasira iliyofichwa moyoni huleta maradhi. Mwenye kinyongo alipaswa kukitamka mbele ya jamaa zake, kisha apulize maji kinywani kuwa ishara ya kukitoa. Hadi hapo, tambiko lilingoja.